Uzi: Kabla handaki halijafukiwa, nani analitazama?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Nimefanya kazi za barabara, maji safi na majitaka kwa miaka kumi na minane, kwanza nikiwa kibarua wa kushika ubao wa kupimia, baadaye fundi wa maabara ya udongo, na sasa msimamizi wa kazi upande wa mkandarasi. Nimeleta mada hii kwa sababu mjadala kuhusu wakandarasi huanza wakati kazi imekwisha kuharibika: shimo limetokea, lami imebonyea juu ya bomba, na kila mmoja anarusha jiwe lake. Naomba tuurudishe mjadala nyuma kidogo, hadi saa ile handaki likiwa bado wazi. Hapo ndipo barabara hupona au hufa, na kwa kawaida saa hiyo haina shahidi zaidi ya dereva wa kijiko (mashine ya kuchimbia), vibarua wanne na msimamizi aliyechoka.

Chukueni handaki la kawaida la bomba la maji linalokatiza barabara, lenye upana wa sentimita 60 na kina cha mita 1.2. Mkataba utataka bomba lilale juu ya mchanga, lifunikwe kwa mchanga hadi juu ya mgongo wake, utepe wa tahadhari utandazwe, kisha udongo uliochaguliwa urudishwe kwa matabaka ya sentimita 15 hadi 20, na kila tabaka lishindiliwe kabla jingine halijamwagwa. Kwa kina hicho ni matabaka manne au matano, na kila moja ni kumwaga, kusawazisha, kunyunyizia maji, kushindilia na kupima. Kijiko kingeweza kuurudisha udongo wote kwa dakika kumi na kupita juu yake mara mbili, na mpita njia asingeona tofauti yoyote. Mashine ndogo ya kushindilia, hata ikipiga kelele namna gani, nguvu yake haifiki mbali chini ya bamba lake; kilichoko chini ya hapo kinabaki kama kilivyomwagwa, kimejaa hewa, kikisubiri maji ya mvua na magari mazito yamalizie kazi.

Suala la maji ndilo watu wengi hawalielewi, hata baadhi ya wenzangu. Mhandisi R. R. Proctor, aliyekuwa akishughulika na mabwawa ya udongo huko California, alichapisha mwaka 1933 maelezo ya jambo ambalo leo ndilo msingi wa maabara zetu: kila udongo una kiwango chake cha unyevu ambapo hushindilika kuliko viwango vingine vyote. Ukiwa mkavu mno, chembe zinakwaruzana na kugoma kusogea. Ukiwa na maji mengi mno, maji yenyewe yanachukua nafasi ambayo chembe zingeikalia. Maabara hutafuta kiwango hicho na uzito wa juu kabisa unaopatikana kwacho, kisha kule kazini tunadaiwa tufikie asilimia fulani ya uzito huo, mara nyingi 95 au zaidi kadiri tunavyokaribia uso wa barabara. Mafundi wa zamani walinifundisha kipimo cha kiganja: chota udongo, ubane, ufungue mkono. Ukibaki donge, na donge likabanjuka vipande viwili au vitatu safi unapolibonyeza kwa kidole gumba, unyevu uko karibu na unaotakiwa. Ukimwagika kama unga, ita maji. Ukiacha kiganja kinang'aa kwa unyevunyevu, subiri jua. Hakichukui nafasi ya maabara, lakini kimeniokoa mara nyingi.

Nitoe tukio moja. Tulikuwa tumefikia tabaka la tatu katika handaki la urefu wa mita arobaini. Nilipopima nikapata asilimia 88. Nikaamuru udongo uondolewe hadi juu ya utepe, tuanze upya. Dereva wa kijiko alinuna, vibarua wakanung'unika, na mzee mmoja aliyekuwa amesimama langoni kwake akitutazama tangu asubuhi akatoa simu na kuanza kutupiga picha. Jioni picha zile zilikuwa zimefika kwa viongozi wa mtaa zikiwa na maelezo kwamba mkandarasi anaiba kifusi alichokwisha kulipwa. Sikumlaumu. Alikuwa ameliona jambo la maana kuliko yote tuliyoyafanya mwezi ule, ila hakukuwa na mtu wa kumwambia ni nini.

Ndiyo hoja yangu: wananchi hualikwa siku ya makabidhiano, wakati kila kitu kimefunikwa. Wangealikwa siku ya kufukia.

Mkazi wa mtaa

Ndugu mleta mada, nashukuru kwa elimu, lakini umeitazama kazi kutoka ndani ya handaki. Sisi tunaitazama kutoka mlangoni. Mlangoni kwangu palichimbwa siku ya kwanza ya juma, nikaambiwa ni siku mbili. Ikawa wiki tatu. Gari lilibaki ndani, mama mkwe wangu anayetumia kiti cha magurudumu alibebwa mikononi kila alipotakiwa kwenda kliniki, na maji yalikatwa bila taarifa siku ambayo nilikuwa na nguo kwenye beseni. Hakuna aliyekuja kuniambia handaki lile linasubiri nini. Sasa unaniambia nikasimame kando kutazama unyevu wa udongo? Mimi sina maabara. Nitajuaje kwamba ninachokiona ni kazi au ni mchezo?

Mleta mada

Swali lako ni la haki, na malalamiko yako pia ni ya haki. Nianze na yale ya wiki tatu, kwa sababu huenda jibu lake likakushangaza.

Bomba jipya la maji halifukiwi lote kabla ya kupimwa. Hujazwa maji taratibu ili hewa itoke, kisha husukumwa hadi shinikizo ambalo kwa kawaida ni mara moja na nusu ya lile litakalobeba likiwa kazini, na huachwa hapo huku tukitazama geji kama inashuka. Wakati huo katikati ya kila bomba hulundikwa udongo ili lisiinuke, lakini maungio huachwa wazi ili penye kuvuja paonekane. Kwa hiyo ukiona handaki limefukiwa vipande vipande, huku kila baada ya mita sita kuna kidirisha kilichoachwa, usidhani mkandarasi amekimbia. Pengine anafanya kazi yake ipasavyo. Baada ya hapo bomba huoshwa na kuwekewa klorini, sampuli hupelekwa kupimwa, na ndipo huunganishwa na mtandao. Hayo yote yalistahili karatasi moja tu iliyobandikwa langoni kwako, pamoja na daraja la mbao lenye vishikio ambalo kiti cha magurudumu kingepita. Kukosekana kwa daraja hilo hakuna kisingizio cha kihandisi. Ni uzembe, kwa sababu njia ya kuingilia nyumbani kwa watu huwa imekwisha kuwekewa bei katika mkataba.

Kuhusu utajuaje: chukua kijiti, kiweke alama kila sentimita 20. Hicho kinatosha. Ukiuona udongo unapanda alama tatu kwenye ukuta wa handaki na mashine ya kushindilia bado iko juu ya gari, uliza. Tazama kama kuna maji karibu, iwe boza au mapipa, maana kushindilia udongo mkavu bila tone la maji ni kupoteza dizeli. Tazama kinachorudishwa: mawe makubwa, mizizi, mifuko ya plastiki na vipande vya lami ya zamani havistahili kurudi mle. Na siku ya kurudisha lami, tazama kingo. Lami ya zamani inapaswa kukatwa kwa msumeno, mstari ulionyooka, ikipita kingo za handaki kwa kiasi ili kiraka kikalie ardhi ambayo haikuchimbwa. Kisha kingo zipakwe lami ya maji kabla ya mchanganyiko mpya kumwagwa. Kiraka kilichochongwa kwa sululu, chenye kingo kama mkate uliomegwa kwa meno, kitafunguka hapo hapo kwenye maungio.

Jambo jingine linaloonekana kwa macho ni turubai. Lami ya moto hufika kazini ikiwa na joto la nyuzi 150 hivi, na ikishuka kuelekea nyuzi 80 rola hupita juu yake bila kuibana tena. Lori lililosimama kwa muda wa saa mbili bila turubai, likisubiri handaki limalizwe kufukiwa, limeleta mzigo ambao ulipaswa kurudishwa.

Mhandisi mshauri

Nimesoma kwa makini na nakubaliana na mengi, lakini naona mleta mada ameubebesha mkandarasi na kijiti cha mkazi mzigo ambao sehemu yake ni ya watu wa upande wangu. Niongeze mawili.

La kwanza ni maji ya juu. John Loudon McAdam, aliyekuwa msimamizi wa barabara za Bristol tangu mwaka 1816, alisisitiza kwamba kinachobeba gari ni udongo wa asili, na kwamba udongo huo hubeba mzigo wowote mradi uwe mkavu. Kazi ya tabaka la mawe ni kuulinda dhidi ya maji. Miaka mia mbili baadaye bado tunasanifu barabara za mitaa ambazo mteremko wake wa pembeni haufiki asilimia 2.5, yaani sentimita saba na nusu kwa njia ya mita tatu, na mitaro ambayo haina pa kumwagia. Nimewahi kukagua barabara ambayo mtaro wake ulijengwa vizuri sana, zege safi, mifuniko imekaa sawasawa, ukaishia kwenye ukuta wa uwanja wa shule. Mkandarasi aliujenga kama ulivyochorwa. Kosa lile lilikuwa mezani, si kwenye koleo.

La pili ni malori ya mkandarasi mwenyewe. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanywa jimboni Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara ya gari kwa barabara hayapandi sawia na uzito. Hupanda karibu kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu. Ekseli yenye uzito mara mbili huumiza barabara takribani mara kumi na sita. Mkandarasi anayejenga kilomita mbili za lami huleta kifusi, kokoto na mchanga kwa mamia ya safari, na safari hizo hupita kwenye barabara za mtaa wa pili ambazo hazikusanifiwa kwa mizigo hiyo. Pia magari ya wananchi huelekezwa kwenye mchepuko wa vumbi ambao hakuna aliyeukagua hali yake. Inawezekana kabisa mradi mmoja ukaacha kilomita mbili nzuri na kilomita tano mbovu. Ndiyo maana siku hizi nadai hali ya njia za kupitishia mizigo ipigwe picha na kusainiwa kabla ya lori la kwanza, ili mwisho wa mradi tusibishane kwamba mashimo yalikuwepo au hayakuwepo.

Mkandarasi mdogo

Mimi nina kampuni ndogo, vijiko viwili vya kukodi na rola moja yenye umri mkubwa kuliko dereva wake. Niseme lisilosemwa.

Tazameni jedwali la kazi na bei. Mara nyingi bomba hulipwa kwa mita, na bei ya mita hiyo imejumuisha kuchimba, kulaza, kufukia na kushindilia kwa pamoja. Hakuna mstari unaosema tabaka la tatu lina bei yake. Maana yake ni kwamba bomba likishalala na kufunikwa, mita imehesabiwa, na kila saa ninayoitumia kushindilia inatoka mfukoni mwangu. Sijitetei kwa hilo, naeleza tu mtego ulipo. Kazi ya kushindilia ikitenganishwa na kulipwa kwa matokeo ya vipimo, mtashangaa jinsi matabaka yatakavyokuwa membamba.

Kisha kuna malipo. Hati yangu ya malipo hupita kwa mshauri, kwa mwajiri, kwa wahasibu, na inaweza kukaa huko miezi. Huku kwangu vibarua wanasubiri Jumamosi. Katika kila hati hukatwa fedha za zuio, mara nyingi asilimia 5 hadi 10, ambapo nusu hurudishwa baada ya makabidhiano na nusu baada ya kipindi cha matazamio, yaani muda ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro, ambacho mara nyingi ni mwaka mmoja. Utaratibu huo ni mzuri na mimi naukubali, kwa sababu handaki bovu hujitangaza ndani ya msimu mmoja au miwili ya mvua. Ninachoomba ni kwamba mtu aje kweli kukagua kabla mwaka haujaisha. Nimewahi kurudishiwa fedha zangu zote za zuio bila mtu yeyote kukanyaga barabara ile. Niliridhika, siwadanganyi, na bado nilijua kuna mita kumi karibu na kalvati ambazo zingenirudisha kazini.

Mkazi wa mtaa

Ndugu mkandarasi, nashukuru kwa ukweli wako. Lakini hapo ndipo ninapokwama. Huo mwaka wa matazamio, sisi tunaingiaje? Tuliandika barua kwa mkandarasi wetu kuhusu lami iliyozama, akatujibu kwamba hatuna mkataba naye.

Mhandisi mshauri

Kwa sheria za mikataba yupo sahihi, ingawa kwa adabu hayupo. Mkataba ni kati ya mwajiri, yaani mamlaka iliyoagiza kazi, na mkandarasi. Mhandisi anasimama katikati kuusimamia. Mfumo huo umeenea kwa sehemu kubwa kupitia vitabu vya masharti vya FIDIC, shirikisho la wahandisi washauri lililoanzishwa mwaka 1913, ambalo lilitoa masharti yake ya kwanza ya kazi za ujenzi mwaka 1957. Mwananchi hayumo miongoni mwa wenye kusaini, ijapokuwa barabara ni yake na kodi ni yake. Kwa hiyo barua yenu msiielekeze kwa mkandarasi. Iandikeni kwa mwajiri, nakala kwa mhandisi, ndani ya kipindi cha matazamio, mkitaja mahali kwa umbali kutoka alama isiyohama, kina cha kuzama kwa milimita, na tarehe. Mhandisi akishaipokea kwa maandishi anakuwa na kitu cha kuingiza kwenye orodha ya kasoro, na mkandarasi analazimika kurudi kwa gharama zake. Barua isemayo "barabara yetu ni mbovu" haina mahali pa kuingizwa.

Mama wa watoto watatu

Naomba nami niulize la usalama, maana wanaume mmezama kwenye lami. Mleta mada amesema maungio huachwa wazi kwa ajili ya kipimo. Watoto hawajui kipimo. Karibu na kwetu kulikuwa na handaki la majitaka lenye kina cha kumzidi mtu mzima, limezungushiwa utepe wa plastiki tu, na vibarua walikuwa wakishuka humo bila chochote cha kuzuia kuta.

Mleta mada

Dada, ulichokiona ni hatari kuliko yote yaliyosemwa humu, na nashukuru umelitaja. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito unaozidi tani moja na nusu, karibu sawa na gari dogo. Aliyefukiwa hadi kifuani hawezi kupanua mbavu ili avute hewa, hata kama kichwa chake kiko nje. Marekani, kwa mfano, sheria inataka kuta zizuiwe au zilazwe kwa mteremko kuanzia kina cha futi 5, yaani mita 1.5 hivi, isipokuwa handaki likiwa kwenye mwamba imara, na udongo uliochimbwa ukae walau sentimita 60 kutoka ukingoni. Mahandaki ya majitaka ndiyo mabaya zaidi kwa sababu hayana hiari ya kina. Bomba la maji safi husukumwa kwa shinikizo na linaweza kufuata ardhi. Bomba la majitaka hutegemea mteremko wake lenyewe, maana maji yanatakiwa kwenda kasi ya kama mita 0.6 hadi 0.75 kwa sekunde ili yabebe uchafu bila kuuacha njiani, na hivyo kadiri linavyokwenda mbali ndivyo linavyozama chini. Utepe wa plastiki si uzio. Uzio ni kitu ambacho mtoto akikiegemea kinamzuia. Ukimwona kibarua ameshuka kwenye kina cha kumzidi na kuta zimesimama wima bila mbao wala vyuma, piga simu kwa mwajiri siku hiyo hiyo. Hilo haliwekwi kwenye barua.

Mkazi wa mtaa

Swali langu la mwisho. Mwezi uliopita bomba lilipasuka, mafundi wakachimba mashimo matatu kwenye lami mpya kabla ya kupata valvu ya kufungia maji. Ina maana hawajui mabomba yao yalipo?

Mleta mada

Inawezekana kabisa hawajui. Kwa mkataba, mwishoni mwa kazi mkandarasi hukabidhi michoro ya kazi ilivyojengwa, ambayo inapaswa kuonyesha kila valvu, kila chemba na kila pindo la bomba mahali lilipo kweli, kwa kuwa bomba huhama kutoka lilipochorwa kila linapokutana na mwamba, kebo ya umeme au mzizi wa mti mkubwa. Katika miradi mingi niliyoiona, mchoro wa mwanzo hugongwa muhuri mpya na kukabidhiwa kama ulivyo. Kisha huja timu ya lami, inakuta mfuniko wa valvu uko chini kwa sentimita tano, na badala ya kuuinua inapita juu yake.

Mimi nimejiwekea utaratibu wangu. Kabla handaki halijafukiwa, nakipima kila kiungo kwa futi kamba kutoka pointi mbili zisizohama, tuseme pembe ya jengo na nguzo ya zege, kisha naipiga picha futi kamba ikiwa imelazwa juu ya bomba na tarakimu zinasomeka. Picha naipa jina la tarehe na namba ya kiungo. Kazi hiyo huchukua dakika tano kwa kila kiungo, na katika mradi mmoja nilibaki na picha mia mbili na kumi na nne. Niliziweka kwenye diski na kuikabidhi pamoja na michoro. Miaka mitatu baadaye nilipigiwa simu usiku na fundi wa zamu nisiyemfahamu, yuko barabarani na maji yanaruka, ananiuliza kama bado ninazo, kwa sababu diski ile ofisini haionekani. Nilikuwa nazo. Alichimba shimo moja.